Zuieni Jua la Pembeni

Ndugu zangu mliorithi au kununua kamera za renjifainda, nisikilizeni. Lenzi zenu zinahukumiwa bila kusikilizwa. Mtu anapata Summar, lenzi ya milimita 50 ambayo kiwanda cha Leitz cha Wetzlar, Ujerumani, kiliitoa mwaka 1933. Anapiga filamu ya kwanza jua likiwa kali. Picha zinarudi za kijivu: weusi umefifia, weupe umetapakaa, uso wa mtoto umemezwa na mng'ao. Siku hiyo hiyo hukumu inatolewa: lenzi mbovu, iuzwe. Nauliza: mliivisha kinga ya jua, ile shingo nyeusi ya bati inayofungwa mbele ya kioo?

Neno langu ni moja, nami nalisema kwa moyo wote. Kinga siku zote; filta kwa sababu tu. Wengi wetu tumegeuza. Filta haibanduki mwaka mzima, kinga inalala kabatini.

Tafakarini jinsi lenzi hizi zilivyoundwa. Kioo kitupu, kila kinapogusana na hewa, hurudisha nyuma asilimia nne hadi tano ya mwanga. Alexander Smakula wa Carl Zeiss alipata njia ya kukipaka kioo utando wa kupunguza mrudisho huo mwaka 1935, lakini ilichukua hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo utando ukawa jambo la kawaida kwa wanunuzi. Elmar ya Leitz ya milimita 50, iliyotangulia utando huo, ina vioo vinne, viwili vikiwa vimegundishwa. Hesabuni nyuso zinazogusa hewa: ni sita. Kila uso hurudisha sehemu yake, na mwanga huo haupotei wote. Mwingine hurukaruka ndani ya lenzi na mwisho wake hutua juu ya filamu, mahali palipopaswa kuwa na kivuli.

Ludwig Bertele, mbunifu wa lenzi, aliujua ugonjwa huu. Katika Sonnar ya f/2, iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera ya Contax ya mwaka 1932, alipanga vioo sita katika mafungu matatu, akivigundisha ili nyuso za hewa zibaki sita tu. Muundo huo ndio waliouchukua Wasovieti wakatengeneza Jupiter-8. Mtu mzima alikesha na hesabu ili apunguze uso mmoja wa kioo! Nawe waja na kioo bapa cha bei ya chini, wakifunga mbele, na kuongeza nyuso mbili kwa mkupuo. Kisha usiku ukipiga picha penye taa, taa zinaonekana mara mbili, kwa sababu mwanga unagongana kati ya filta na kioo cha mbele. Tuiache desturi hii.

Angalieni nahodha anayetafuta nchi kavu jua likiwa mbele yake: huweka kiganja juu ya paji la uso. Macho yake hayajabadilika, ila anaona. Kazi ya kinga ndiyo hiyo, kuzuia mwanga usiokuwa sehemu ya picha usiigonge lenzi. Tena hukikinga kioo dhidi ya vidole, mkufu na kona ya meza, nayo haiongezi uso hata mmoja.

Lakini kinga isiyofaa ni hasara, kwa hiyo chagueni kwa bidii. Lenzi ya milimita 35 huona upana wa nyuzi zipatazo 63 kutoka kona hadi kona. Ya 50 huona kama 47. Ya 90 huona 27 tu. Kinga ndefu ya 90 ukiifunga kwenye 35, kona nne za picha zitakuwa nyeusi. Fupi ya 35 ukiifunga kwenye 90, umebeba pambo. Na katika renjifainda hutaonywa, kwa maana jicho lako linatazama kupitia kidirisha kilicho kando, si kupitia lenzi. Kifuniko kikisahauliwa, dirisha bado linaonyesha dunia nzima! Basi jaribuni kabla ya kuweka filamu. Kamera ikiwa na mgongo unaofunguka, kama Zorki-4 au Leica M3, acheni shata wazi, fungueni tundu la lenzi hadi mwisho, kisha mtazame kutokea kila kona ya fremu. Mkiona ukingo wa kinga umeingia, hiyo si yenu.

Pimeni pia mdomo wa lenzi. Elmar ya zamani haina uzi wa skrubu mbele. Hubanwa kwa kinga ya milimita 36, na Leitz waliiita FISON. Kipini cha tundu kiko usoni pa lenzi hiyo, kwa hiyo wekeni tundu kwanza ndipo mfunge. Summicron ya miaka ya 1950 ina uzi wa 39, na kinga ya IROOA huishika kwa nje kwa vibonyezo viwili. Hutumika kwa 35 na 50, na hugeuzwa kinyume wakati wa kuihifadhi. Jupiter-8 hutaka 40.5. Na 39 ya filta msiidhanie kuwa ndiyo 39 ya kufungia lenzi kwenye mwili wa Leica ya skrubu. Kipimo ni kimoja, meno ni tofauti. Mkono ukihisi ugumu, simamisheni. Uzi wa shaba uliokatwa vibaya haurudi.

Sasa filta. Sikusema zitupwe. Nimesema ziwe na sababu. Upepo wa kaskazi unarusha chumvi na mchanga ufukweni Lamu au Bagamoyo? Fungeni filta safi yenye utando, na mkirudi nyumbani ivueni. Mnapiga filamu nyeusi na nyeupe, na mawingu yanapotea angani? Njano italitia anga giza kidogo, nanyi mtaongeza stopu moja. Chungwa huhitaji kama mbili, nyekundu tatu. Kamera nyingi za zamani hazina kipimo cha mwanga kinachopitia lenzi, hivyo hesabu ni yenu, na dirisha halitawakumbusha kwamba nyekundu bado imefungwa. Mnatumia Leica M8 ya dijitali ya mwaka 2006? Sensa yake hupokea mwanga usioonekana kwa macho, na kitambaa cheusi cha nailoni hugeuka zambarau. Hapo filta ya kuzuia mwanga huo ni ya lazima. Kila moja ya hizi ni sababu inayotajika. "Nimezoea" si sababu.

Nanyi mnaoishi pwani, mcheni unyevu. Mulikeni lenzi kwa tochi kabla ya kulipa. Ukungu wa ndani, kuvu, mikwaruzo ya kioo laini cha Summar: haya kinga haiyaponyi, na muuzaji asiwaambie inayaponya.

Amkeni basi! Harusi haifungwi tena ili mpige upya, na mzee aliyekaa mbele yenu leo hatakaa hapo milele. Kinga iwe kitu cha kwanza kununuliwa baada ya lenzi, kabla ya mkoba, kabla ya mkanda, kabla ya filta yoyote. Ifungeni mchana na ifungeni usiku, nje na ndani. Fedha ikitosha kitu kimoja tu, nunueni kinga.