Haki ya Mwili Chini ya Nguo

Miongoni mwa maswali ambayo waumini huyapeleka kwa mashehe na wachungaji wao kwa sauti ya chini, na aghalabu hurudi nayo bila jawabu, limo swali la lile vazi la ndani linalobana tumbo, kiuno na mapaja, ambalo wachuuzi wa Butembo, mashariki mwa Kongo, huliita kwa jina lake la Kifaransa, gaine, na ambalo sasa limefika hata Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, ama kwa njia ya mpaka wa Kasindi pamoja na bidhaa za Kampala, ama kutoka Guangzhou ndani ya makontena ya wafanyabiashara wa Butembo. Mama wa bibi harusi hulivaa chini ya kikwembe chake kizuri, kadhalika mwimbaji wa kwaya na mwalimu anayekwenda kusimama mbele ya wazazi, kisha moyo humwuliza mmoja wao: Je, ninamdanganya mtu? Je, ninaitia ila kazi ya Muumba? Wapo watakaosema kuwa swali hili ni dogo mno kwa nchi ya Beni, ambako tangu Oktoba 2014 watu wasio na hatia wamekuwa wakiuawa mashambani na majumbani mwao, hata mkoa mzima ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi mwaka 2021. Mimi naona kinyume cha hayo. Mahali ambapo mwili wa mwanadamu umevunjiwa heshima kwa panga na kwa moto, hapo ndipo inapopasa kuulizwa, kwa taadhima na bila pupa, mwili una haki gani, na mwenye mwili naye ana mipaka gani katika kuutumia.

Tuhuma ya kwanza ni ile ya kubadili maumbile. Mwenye kuitoa hutegemea aya ya 119 ya Sura An-Nisaa, ambamo Ibilisi anaapa kuwaamrisha wanadamu waligeuze umbo aliloliumba Mwenyezi Mungu, na huongeza juu yake hadithi zinazowalaani wachanja chale za urembo na wachonga meno. Lakini wanazuoni waliozisoma nususi hizo kwa utulivu walitenga lile linalokaa mwilini daima na lile linaloondoka. Hawakuikataza hina viganjani wala wanja machoni, ingawa vyote viwili humbadilisha mwanamke mbele ya mwenye kumtazama. Vazi la kubana likivuliwa jioni, mwili hurudi kama ulivyokuwa asubuhi. Hukumu ya mwenye kuchonga haiwezi kumwangukia mwenye kufunga na kufungua.

Tuhuma ya pili ina uzito zaidi, nayo ni hadaa. Katika fikihi ya biashara kuna mlango mashuhuri wa mnyama aliyeachwa siku kadhaa bila kukamuliwa ili kiwele chake kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume alikataza jambo hilo, na aliyemnunua mnyama huyo akapewa hiari ya siku tatu, akitaka amweke, na akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Nimekwisha kusikia mlango huo ukifunguliwa dhidi ya wanawake, kana kwamba kiuno kilichobanwa ni kiwele kilichojazwa. Napinga ulinganisho huo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu hausimami ila kwanza tukubali kwamba mwanamke apitaye barabarani yumo mnadani, na kwamba kila jicho linalomtazama ni jicho la mnunuzi mwenye haki ya kujua. Hadaa huwapo pale penye mtu anayestahili kuambiwa kweli. Mchumba anastahili, na mume anastahili. Kwa hao wawili maneno ya wazi ni wajibu, na mwanamke mwenye kumficha mume mtarajiwa jambo ambalo angelijua asingelioa, hilo litamkalia shingoni, liwe la tumbo au la deni. Ama mpita njia wa Mutwanga, anayetoka sokoni na mchele wake, hana mkataba na kiuno cha mtu yeyote.

Tena hakuna vazi lisilogeuza umbo. Koti huyapanua mabega ya mwembamba, na kikwembe chenyewe, kikizungushwa mara mbili juu ya nyonga na cha pili kikafungwa juu yake, humwongezea mwanamke unene asiokuwa nao, na hakuna kanisa wala msikiti uliowahi kumwita mwongo kwa hilo. Wazee wanakumbuka jinsi utawala wa Mobutu, katika miaka ya sabini, ulivyowavua wanaume suti na tai, ukawavisha abakosti, na ukawakataza wanawake suruali na nywele za bandia kwa jina la uasili. Na katika kuulinda uasili huo, mamlaka iliingia hata kabatini mwa mtu. Mwenye kutaka kuwaamrisha wanawake juu ya nguo zao za ndani na aikumbuke historia hiyo kabla hajapanda mimbarini.

Basi kama si kugeuza umbo, na kama si hadaa, dhambi iko wapi, ikiwa ipo? Iko katika maumivu. Sahaba Abdullah bin Amr alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha katika ibada, na Mtume alipopata habari zake alimkanya, akamfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki, na mke wake ana haki. Wakristo nao wanaye Paulo, aliyewaandikia Wakorintho, katika waraka wa kwanza, sura ya 6, kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu na si mali ya mwenye kuuchukua. Tazama basi uzito wa jambo hili: ikiwa mwili una haki ya kupumzishwa hata mbele ya saumu na sala, ambazo ni haki za Mungu, itakuwaje haki hiyo ivunjwe kwa ajili ya macho ya halaiki, ambayo hayana haki yoyote? Ibada ifanywayo ili watu waone, wanazuoni huiita riya. Na mateso yavumiliwayo ili watu waone ni ndugu yake wa tumbo moja, hata kama ndimi za watu huyasifu kwa jina la ustahimilivu.

Niliwahi kusimama karibu na meza ya mchuuzi, kijana mpole, aliyekuwa akimuuzia vazi hilo mama mmoja wa makamo. Mama alikuwa amelifunga juu ya blauzi yake ili alijaribu, na uso wake umebadilika. "Mwanangu, sipati pumzi," alisema. "Mama, hiyo ndiyo kazi yake," kijana alimjibu kwa adabu, "siku mbili tatu mwili utazoea." Mama akalipa. Yeyote aliyehudhuria harusi za kwetu amekwisha kumwona mama huyo saa nane mchana: ameketi ukingoni mwa benchi, mgongo umenyooka kama wa askari, sahani ya bugali na sombe imebaki nusu, na kila baada ya kitambo mkono wake huingia kwa siri chini ya kikwembe kuushusha upindo uliojikunja na kukata chini ya mbavu. Tumbo lililobanwa kupita kiasi huirudisha tindikali juu, ndicho kiungulia; pumzi huwa fupi; mshipa wa fahamu upitao kwenye nyonga ukigandamizwa, paja la upande wa nje huingia ganzi na kuwaka; na katika joto la bonde la Semuliki, ambalo si kama ubaridi wa Butembo huko juu, jasho lisilokauka huzaa upele na ukungu wa ngozi. Mama huyo hakumkosea Mungu kwa kutaka kupendeza. Aliudhulumu mwili uliombebea watoto, na ambao kabla ya hapo, kwa kamba ya kipajini, ulibeba mizigo ya mihogo kutoka mashamba ya mlimani.

Pwani wanayo mila ambayo natamani ijulikane zaidi huku bara. Mzazi, baada ya kujifungua, hufungwa tumboni kitambaa kiitwacho mkaja, ili misuli iliyolegea ipate msaada. Na aliyezaliwa akiwa binti, naye akikua na kuposwa, miongoni mwa vilivyotajwa katika mahari huwamo mkaja wa mama yake, zawadi ambayo mama hupewa kwa ajili ya tumbo lile na kitambaa kile. Hapa kubana hakuna aibu wala siri: kunausaidia mwili uliochoka, kuna muda wake, na jamii nzima inakiri deni lake kwa mwenye tumbo. Hata hivyo mkunga mwenye busara hatakubali kifungwe kwa nguvu nyingi, kwa kuwa uzito husukumwa chini kwenye nyonga. Na aliyepasuliwa hana budi kumwuliza daktari kabla ya kufunga chochote.

Siwezi kuupita uzi wenyewe bila neno. Uzi wa kuvutika ulikuwa wa mpira kabla Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont, hajavumbua mwaka 1958 ule wa kutengenezwa ambao ndio umo leo katika mavazi haya. Na mpira, katika zama za utawala wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, toka 1885 hata 1908, ulikamuliwa katika misitu ya Kongo kwa viboko, kwa mateka wa kike waliofungwa hadi waume zao watimize kiasi, na kwa mikono iliyokatwa. Nchi ambayo miili ya watu wake iliwahi kupimwa kwa kilo za mpira inayo sababu ya pekee ya kukataa kuona mwili ukiteswa kwa ajili ya kitu chochote kinachovutika.

Kwa hiyo mwenye kutaka kulivaa na alivae, kwa masharti ya haki. Ajipime kiuno na nyonga kwa utepe wa fundi cherehani, anunue kwa sentimita wala si kwa herufi iliyoandikwa kwenye lebo, maana herufi hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Wala asichukue dogo kwa kutumaini kwamba litambana zaidi, kwa kuwa dogo hujikunja, hukata, na kuzaa uvimbe mpya juu na chini ya upindo. Achague lenye pamba sehemu za siri, lenye kiuno kirefu kama kiwiliwili chake ni kirefu, na lenye nguvu ya wastani kwa siku ya joto. Alivae saa chache za sherehe, asilale nalo, alifue kwa maji baridi na kulianika kivulini. Na kabla ya kulipa afanye mambo manne palepale dukani, ikiwa pana pazia: aketi, ainue mikono juu, avute pumzi hadi tumboni, kisha apige magoti na kuinama mpaka paji la uso likaribie ardhi. Nguo isiyomruhusu Mwislamu kusujudu wala Mkristo kupiga magoti imekwisha kutoa hukumu juu ya nafsi yake, na hapahitajiki fatwa nyingine.

Lakini masharti hayo yakibaki shingoni mwa wanawake peke yao, dhuluma itakuwa imehamishwa tu, haikuondolewa. Jicho linalompima mzazi wa watoto sita kwa kipimo cha msichana wa miaka 18 lina sehemu yake katika alama nyekundu iliyo chini ya mbavu zake, na ulimi wa shangazi anayemuuliza bibi harusi mbele ya watu kama tumbo lile ni la mimba una sehemu yake pia. Mchungaji au shehe ambaye kila mwaka huwahubiria wanawake juu ya mavazi, na atenge Ijumaa moja au Jumapili moja awahubirie wenye kutazama. Na wenye harusi, ambao kwetu huwakalisha wageni tangu asubuhi hadi jua kutua, na waandae chumba kimoja chenye kufuli na mkeka, ambamo mama aliyechoka anaweza kuingia, kulivua, kulikunja mfukoni, na kurudi mezani kula chakula chake chote.