Mwanga wa zamani
Kaka yuko Chicago, ambako baridi inaelekea kuisha. Juzi alinipigia: "Usiku ukiingia tafuta zile nyota tatu za mshipi wa Orion. Fuata mstari wake mpaka ile inayong'aa kuliko zote, Sirius." Kwake iko chini, upande wa kusini. Hapa Nairobi iko karibu utosini.

Mwanga nilioona ulitoka huko kama miaka 8 na nusu iliyopita. Sirius ya leo siijui. Ni kipindi hicho kaka alihepa na pesa za chama cha mama, na mpaka leo namuita mwizi. Deni bado liko, sisemi lifutwe. Lakini ni haki kumhukumu kwa mwanga wa zamani, na sijawahi kumuuliza siku hizi yeye ni nani?