Wakfu Uliomo Katika Kidonge

Usiku wa kuamkia siku ya nne ya dawa, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani, niliamka wakati wa daku, nikamsikia mpiga daku akipita kichochoroni na ngoma yake na sufuria za binti yangu zikigongana jikoni, nikatambua jambo ambalo sikupata kulitambua kwa muda wa miezi mitatu: kwamba nimelala bila ya kuinuka ila mara moja tu, kumeza kidonge cha saa sita, kwamba tumbo la chini haliniumi, na kwamba ule moto uliokuwa ukinichoma kila niendapo haja ndogo umezimika kana kwamba haukuwako kamwe. Nilimshukuru Mola wangu. Kisha nikaitazama pakiti ya dawa juu ya meza, ambamo vilibaki vidonge kumi na sita katika ishirini na vinane, na hapo likanijia swali ambalo halikunipa usingizi mpaka alfajiri. Je, mtu ambaye maumivu yamemwondoka lakini dawa yake haijesha, huyo ni mgonjwa au ni mzima?

Swali hilo si la mchezo kwa mwenye kufunga. Mgonjwa ameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani na kulipa kadha katika siku nyingine. Mzima hana ruhusa hiyo. Na dawa yangu ilikuwa ya kila saa sita, tena imezwe pamoja na chakula ili isichafue tumbo, hali funga ya kwetu pwani ni zaidi ya saa kumi na tatu, basi hapana hesabu yoyote ya kupatanisha viwili hivyo: ama kidonge cha adhuhuri, ama saumu. Nafsi yangu ilitamani saumu. Nilikwisha kukosa siku tatu, na kwa mtu aliyefunga tangu utotoni, kukaa nyumbani mchana na kikombe cha uji mbele yake, watu wote wamefunga, ni udhia ambao hauponywi kwa kuambiwa kwamba ni halali.

Sharti nieleze nilivyofika hapo. Maradhi ya njia ya mkojo, ambayo siku hizi watu huyataja kwa herufi tatu, U.T.I., na yakikaa sana huongezewa sifa ya usugu, ni maradhi yenye aibu isiyostahili. Lugha yetu yenyewe huyafunika kwa staha. Twasema haja ndogo, twasema sehemu za siri, twasema tumbo la chini. Mwanamke akiugua hutazamwa kwa jicho la shaka, na pengine mumewe humuuliza neno ambalo halisahauliki. Hali mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita nne hivi tu, na kijidudu kinachosababisha aghalabu ya maradhi haya, kiitwacho Escherichia coli kwa jina la Theodor Escherich, tabibu wa watoto aliyekieleza mwaka 1885, ni mkazi wa daima wa matumbo yetu sote, wacha Mungu na wasio wacha Mungu. Safari yake ni fupi tu. Hedhi ikikoma, kinga ya asili ya mahali hapo hupungua, nasi wanawake wa makamo huwa wepesi zaidi wa kushikwa. Katika haya yote hamna uchafu wala mwenendo mbaya, na anayemdhania mgonjwa hivyo amemdhulumu.

Kwangu mimi uchungu ulikuwa katika sala kuliko kitandani. Nilitawadha, nikasimama, na kabla sijamaliza Fatiha haja ilinibana kana kwamba sikutoka msalani sasa hivi. Nilikwenda nikapata matone mawili yenye moto, nikarudi kutawadha upya, na Isha moja niliisali kwa udhu wa mara nne. Najua kwamba mafakihi wetu wa Kishafii wamemwekea mwenye udhuru wa kudumu wepesi wake, atawadhe baada ya kuingia wakati wa kila faradhi, kisha asali hata kama kinamtoka anachoshindwa kukizuia. Huruma ya sharia ni pana. Lakini moyo wa mgonjwa ni mwembamba, nao hupita katika huruma hiyo kwa taabu.

Mara ya kwanza yaliponishika nilikwenda duka la dawa, nikamkuta kijana wa kiume mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe dawa ya mkojo."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa uchunguzi wangu wote. Sikupimwa, wala sikutaka kupimwa, kwa kuwa haya ilinihimiza nitoke upesi. Alinipa septrini. Siku ya pili nilipata nafuu, siku ya tatu nikaacha, nikavitia vidonge vilivyobaki katika mtoto wa kabati kama mtu awekaye akiba. Na jirani yangu aliponilalamikia mwezi uliofuata nilivitoa, nikampa, nikajihesabia thawabu. Maradhi yalirudi. Nikanunua sipro, nikakatisha dozi kwa sababu ile ile ya nafuu. Yakarudi. Nikanunua dawa ya rangi mbili, na safari hii hata nafuu sikuipata.

Ndipo tabibu mmoja mwanamke, aliyenisikiliza mpaka mwisho bila ya kuandika chochote, aliponiambia, "Mama, tusikisie tena. Tuuoteshe mkojo wako." Nilipokwenda kuchukua majibu nilimwomba mtu wa maabara anionyeshe, naye akanionyesha kisahani chenye chakula cha vijidudu, kilichokaa usiku kucha katika joto kama la mwili wa mtu. Juu yake viliwekwa viduara vya karatasi, kila kimoja kimelowanishwa dawa yake. Pale dawa inapofanya kazi, pembeni mwa kiduara hubaki uwanja mweupe usiomea kitu. Pale iliposhindwa, utando wa vijidudu humea mpaka ukingoni mwa karatasi, hata juu ya ubavu wake. Septrini ilizingirwa hivyo. Sipro ilizingirwa hivyo, na rangi mbili pia. Nitrofurantoini peke yake, katika dawa za kumeza, ilikuwa na uwanja wake safi, nayo ndiyo iliyokuwamo katika ile pakiti. Nilitazama kisahani kile kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa adabu, maana niliona humo dawa tatu ambazo vijidudu vya mwili wangu havikuziogopa tena, na sikuweza kuapa kwamba mimi sikuwa na mkono katika kuvifundisha ujasiri huo.

Niliporudi nyumbani nilimkumbuka mtu ambaye habari zake niliwahi kuwasomesha watoto shuleni, Albert Alexander, polisi wa Uingereza mwenye umri wa miaka 43, aliyelazwa Oxford vidonda vimemla uso na jicho moja limekwisha kuondolewa. Tarehe 12 Februari 1941 alidungwa penisilini, akiwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa duniani kutibiwa kwayo. Katika siku moja homa ilianza kushuka, akapata hamu ya kula. Lakini penisilini iliyokuwako ilikuwa ni kidogo mno, wala hapakuwa na kiwanda cha kuitengeneza. Basi wataalamu wale, Howard Florey na Ernst Chain na Norman Heatley na wenzao, walikuwa wakiukusanya mkojo wa mgonjwa, ukabebwa kwa baiskeli mpaka maabara, ikachujwa humo penisilini iliyotoka mwilini ikiwa bado na nguvu, akadungwa tena. Siku ya tano dawa ikesha. Maradhi yakarudi, na tarehe 15 Machi akafariki. Kitu ambacho sharia inakihesabu najisi, ambacho mimi nilikionea haya hata kukitaja dukani, kilichukuliwa kama hazina kwa sababu ya kilichokuwamo. Yeye alikatishiwa dozi na uhaba wa dunia nzima. Mimi niliikatisha dozi yangu nayo imo katika mtoto wa kabati.

Hapa nafika kwenye jambo ninalotaka kulisema. Tumezoea kudhani kwamba dawa ni mali kama mkate: nimeinunua, ni yangu, nikitaka nitakula, nikitaka nitaacha, na hasara ni juu yangu. Kwa dawa ya kutuliza maumivu huenda ikawa hivyo. Kwa antibiotiki sivyo, kwa kuwa kila mtu anayeitumia huipunguzia makali kidogo kwa watu wote, wakiwamo ambao hawajazaliwa. Mfano wake ulio karibu nasi ni wakfu. Mtu akiweka shamba kuwa wakfu, asili ya mali huzuiliwa, haiuzwi wala hairithiwi wala haitolewi zawadi, na manufaa yake ndiyo yanayotumiwa. Mwenye njaa ana haki ya nazi, hana haki ya kuukata mnazi. Fedha nilizolipa dukani zilinunua nazi. Mnazi, yaani ile nguvu ya dawa ya kushinda vijidudu, sikuununua wala hauna bei, nami niliupiga shoka mara tatu nikidhani nachuma. Najua wakfu wa sharia una mwenye kuuweka na maneno yake na masharti yake, nami sitoi fatwa. Nasema tu kwamba yule aliyeujaalia ukungu uzaao penisilini kuwa na shifaa hakuuweka kwa ajili ya kizazi kimoja.

Lazima niseme kwa insafu kwamba matabibu wenyewe wamebadilisha mengi katika hesabu ya siku. Maradhi ya kibofu yasiyo na matatizo, ambayo zamani yalitibiwa kwa juma zima au zaidi, sasa yapo yanayotibiwa kwa siku tatu au tano, na iko dawa ya unga, fosfomisini, inywewayo mara moja tu. Hii ni kwa kuwa kila siku ya ziada huvipa vijidudu vingine vilivyomo tumboni, visivyo na kosa, nafasi ya kujifunza usugu. Kwa hiyo fadhila haimo katika wingi wa vidonge. Imo katika kadiri: kutozidisha, kutopunguza, na kutojipimia mwenyewe kwa kipimo cha maumivu. Maumivu ni mjumbe mzuri wa kuleta habari ya kuingia kwa adui, lakini si shahidi wa kutoka kwake, kwani vijidudu hivi vina hila ya kujificha ndani ya chembe za ukuta wa kibofu, vikanyamaza, mwenye mwili akadhani nyumba imekwisha kufagiliwa.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitoa onyo kwa mfano wa mtu wa kubuni aliyejitibu koo kwa dawa kidogo isiyotosha, akavifundisha vijidudu usugu, akamwambukiza mkewe, na mkewe akafa kwa kuwa dawa haikumfaa tena. Onyo hilo lilitolewa dawa yenyewe ikiwa bado ni mpya. Mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilihesabiwa kuwa vimesababishwa na bakteria waliozishinda dawa. Na kwetu hapa, katika uchunguzi mkubwa wa Kenya, Tanzania na Uganda uliojulikana kwa jina la HATUA, mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili kama zangu ulioteshwa, na waliothibitika kuwa na vijidudu walikuwa kama thuluthi moja tu. Wengine, lau wangalikwenda dukani kama nilivyokwenda, wangalimeza dawa ya maradhi wasiyokuwa nayo.

Asubuhi ile ya siku ya nne, baada ya sala, nilimwendea maalim wetu, mzee ambaye kwake naweza kulisema jambo bila ya kulizungusha. Nilimweleza. Aliniuliza swali moja: "Tabibu amesema dawa imekwisha kazi yake?" Nikasema, "Hapana, maalim. Amesema siku saba." Akasema, "Basi, mama, bado uko katika ugonjwa wako. Ruhusa haikuwekwa kwa ajili ya kilio, imewekwa kwa ajili ya madhara, na kuchelewa kupona ni madhara. Kula." Nikamwambia kwamba nahisi kama nimepungukiwa na tawakali, kwa kuwa Mungu amekwisha kuniondolea maumivu nami bado nashika vidonge. Akatabasamu, akaniuliza nani aliyevifanya vidonge vile viwe na nguvu.

Nimeyafikiri sana maneno hayo. Watu husema dawa ni sababu tu, na mponyaji ni Mungu, nami naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini ile "tu" haistahili kuwapo. Anayeamini kwamba sababu imetoka kwa Mola ataishika kwa heshima mpaka mwisho wake. Sabri nayo niliijua upande mmoja, ule wa kuvumilia maumivu. Upande wa pili, wa kudumu juu ya wajibu baada ya maumivu kuondoka, wakati ambapo hakuna kinachokusukuma ila neno ulilopewa, niliujua siku ya nne, ya tano, ya sita na ya saba, kila saa sita, kichefuchefu kikinijia na mkojo ukigeuka rangi ya chai kwa ajili ya dawa.

Wako wanaokatisha dozi si kwa uzembe bali kwa ufukara. Hununua vidonge sita kwa kuwa hawana fedha za kumi na vinne, na juu yao mimi sina lawama. Lawama iko juu yetu tunaopita mlangoni kwao na futari iliyofunikwa, tusiulize. Wewe usomaye, ukimpelekea jirani mgonjwa sahani ya tambi au bakuli la uji, muulize kwa faragha kama dawa yake imetimia, na kama haikutimia, mtimizie.

Kidonge cha ishirini na nane nilikimeza saa sita ya usiku. Baada ya majuma mawili mkojo ulioteshwa tena kwa amri ya tabibu, na kisahani kikabaki kitupu. Siku saba za kadha nilizilipa katika Mfunguo Mosi, kuanzia siku ya pili ya Idi.