Haki Isiyo na Kiwanja

Januari 2016 Serikali ya Tanzania ilianza kutekeleza elimu bila malipo, kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne. Wazazi wakaitikia, na madarasa yakafurika ndani ya wiki chache. Pembezoni mwa Dar es Salaam, huko Mbagala na Chanika, nia haikukosekana kwa mzazi wala kwa mwalimu. Kilichokosekana ni mahali pa kuwakalisha watoto. Ndiyo maana shule nyingi za jiji zimesomesha kwa zamu mbili, kundi moja asubuhi na jingine mchana, katika madarasa yale yale. Ada hufutwa kwa waraka. Eneo la shule haliletwi na waraka wowote.

Hapo pana swali la ardhi ambalo sisi tunaopenda kuzungumzia haki huliruka. Tunaitaja haki ya elimu kana kwamba inaelea hewani, ikimsubiri mtoto popote alipo. Haki ya kusema mtu anaweza kuitumia akiwa amesimama njiani. Haki ya kusoma inataka ardhi, tena ardhi ambayo mtoto wa miaka saba anaifikia kwa miguu na kurudi kwao salama. Kwa hiyo aliyeshika ramani ya mtaa ameshaamua mambo mengi ya elimu kabla mwalimu hajashika chaki. Uamuzi wake ni mzito kwa sababu haurudiki kirahisi. Mtaala hubadilishwa na mwalimu huhamishwa, lakini shamba lililokatwa vipande na kuuziwa watu ishirini likishajengwa, kulirudisha kwa umma ni fidia, kesi na machozi. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu milioni 4.36 mwaka 2012 na milioni 5.38 mwaka 2022. Katika miaka hiyo kumi mtaa baada ya mtaa umeota kabla mpimaji hajafika, na anayenunua kipande cha ardhi kwa mwenye shamba hununua cha nyumba yake tu. Hakuna anayemnunulia kipande mtoto ambaye hajazaliwa.

Waliotutawala waliujua vizuri uhusiano wa shule na ramani. Dar es Salaam ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, iligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili Kariakoo ya Waafrika itengwe na katikati ya mji. Shule zikafuata mistari hiyo hiyo: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Ubaguzi huo wa shule ulifutwa kisheria mara baada ya Uhuru, lakini mistari ya ardhini haikufutika kwa sheria. Naiona hii kuwa hoja nzito. Kama mji ulipangwa kwa makusudi ili watoto wasikutane, basi kuwakutanisha nako kunataka makusudi yanayolingana na yale.

Mmarekani Clarence Perry aliandika mwaka 1929, katika mpango wa mkoa wa New York, kwamba ukubwa wa mtaa upimwe kwa idadi ya kaya zinazotosha kujaza shule moja ya msingi, shule yenyewe iwe katikati, na mtoto asivuke barabara kuu kuifikia. Wengi wamemlaumu kwamba mtaa wa namna hiyo huwa wa watu wa aina moja, na lawama hiyo ina ukweli. Hata hivyo, kumfanya mtoto kuwa kipimo cha mtaa ni wazo ninaloliheshimu sana. Nasi hatukuwa mbali nalo. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule iwe sehemu ya maisha ya wanakijiji. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikosea mengi, kubwa likiwa kuwahamisha watu kwa nguvu, lakini ilikuwa na hakika kwamba makazi mapya hayakamiliki bila shule. Mjini wazo hilo halikupewa nguvu ile.

Itasemwa kwamba kuifunga shule na mtaa wake ni kumfunga mtoto na umaskini wa mtaa huo. Hoja hiyo ina uzito. Shule za kata, zilizotapakaa nchini baada ya mpango wa elimu ya sekondari wa mwaka 2004, zilijengwa kwa nguvu na michango ya wananchi. Zilileta sekondari karibu na nyumbani, jambo lililowafaa hasa wasichana. Lakini nyingi zilianza bila maabara, bila maktaba, bila walimu wa kutosha wa sayansi na hisabati. Ukaribu peke yake haukuwa haki. Ninavyoona mimi, ardhi ya shule ni ya mtaa, na mtaa unapaswa kuilinda, ila fedha na walimu ni deni la taifa zima. Kata maskini ikiachwa ijitegemee kwa vyote viwili, tumeirudisha mistari ya mkoloni bila kuichora.

Shule ikiwa mbali, mtoto huulipia umbali huo kwa mwili wake. Mwanafunzi wa Dar es Salaam husimama kituoni alfajiri, konda akiwazuia wenye sare kwa kuwa nauli yao haifiki nusu ya nauli ya mtu mzima. Anayekwenda kwa miguu hutembea ukingoni mwa barabara isiyo na njia yake. Shirika la Amend limeonyesha kwamba hili linarekebishika: mradi wake wa usalama wa barabara zinazozunguka shule, ulioweka matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu, ulipata mwaka 2019 tuzo ya miji ya taasisi ya World Resources Institute (WRI). Matuta na vivuko si mambo ya anasa.

Tena shule si ya watoto peke yao. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipowatoa watu Bonde la Msimbazi, walilala madarasani, kwa sababu mitaa mingi haina paa jingine la umma. Tunapiga kura shuleni na vijana wanacheza mpira pale. Lakini leo mabasi ya shule binafsi huwachukua watoto wa wenye uwezo kabla hakujapambazuka, na watoto wa mtaa mmoja hukua bila kujuana majina. Simlaumu mzazi anayemtafutia mwanawe nafuu. Nasema tu kwamba raia wasiowahi kuketi dawati moja watapata tabu kuaminiana baadaye.

Ardhi ya umma hulindwa na watu wanaoiona kuwa yao. Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walitoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Wakaandamana, polisi wakawarushia mabomu ya machozi, na uwanja ukarudishwa baada ya Kenya nzima kupaza sauti. Watoto hawapaswi kuachiwa kazi hiyo. Kikao cha urasimishaji wa ardhi kikiitwa mtaani kwako, hudhuria. Kabla bikoni haijachimbiwa, muulize mpimaji eneo la shule liko wapi, na usikubali jina lako liandikwe kwenye muhtasari mpaka akuonyeshe kwenye ramani.