Aliyechaguliwa Kuhesabu

Mwaka jana vijana 22 wa kikundi chetu cha akiba, hapa Nakivale, walinichagua kwa kunyoosha mikono niwe mkaguzi wa daftari. Nilifurahi, kusema kweli. Mwezi wa tatu nikakuta daftari linasema shilingi 640,000, na ndani ya sanduku ziko 460,000. Sanduku lina makufuli matatu. Wenye funguo wote watatu walikuwa wanajua. Mweka hazina ni rafiki yangu tangu Bukavu, na mtoto wake alikuwa amelazwa.

Usiku ule wanachama wawili walikuja kwangu. "Yaya, achana na ile maneno. Sisi ndiyo tulikuchagua. Unataka kutuletea aibu?"

Neno hilo halijanitoka: sisi ndiyo tulikuchagua. Je, aliyechaguliwa ana deni gani kwa waliomchagua?

Rafiki yangu aliyehamishiwa Portland, jimbo la Oregon, Marekani, aliniambia kule mkaguzi wa mji anapigiwa kura na wananchi, kwa muhula wa miaka 4. Anachunguza jinsi idara za mji zinavyotumia fedha, na ripoti zake mtu yeyote anaweza kuzisoma. Hapa Uganda Mkaguzi Mkuu anateuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge. Sababu ya kura naielewa. Kama baraza ndilo linamwajiri mkaguzi, tutarudi kwenye ile kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Lakini ndugu zangu, mimi nilichaguliwa na bado niliogopa. Kura ilinitoa kwenye hofu ya mwenyekiti, ikaniingiza kwenye hofu ya wote. Kwa hiyo kura peke yake haitoshi. Hata Portland hawakuishia kwenye kura. Anayegombea lazima awe na cheti cha taaluma ya ukaguzi au uhasibu. Na mwaka 2017 wapiga kura walibadilisha katiba ya mji ili ofisi hiyo iwe huru zaidi kutoka kwa wale inaowakagua.

Mimi cheti sina. Nilikuwa na hesabu tu: waliokuja usiku walikuwa wawili, walionichagua walikuwa 22. Kati yao yuko dada anayeuza nyanya, analeta shilingi 5,000 kila wiki. Yeye hakuja kunibembeleza. Alikuwa amelala, akiamini kuna mtu anahesabu. Deni langu lilikuwa kwake pia.

Jumapili nikasoma hesabu mbele ya wote. Rafiki yangu akasimama, akaeleza habari ya mtoto, akalia. Kikundi kikampa miezi 6 arudishe. Hakuna aliyemtukana. Angeomba mkopo wazi, naamini tungempa siku ile ile.

Amemaliza kulipa, mtoto amepona, ila mpaka leo hanisalimii. Uchaguzi unakaribia tena. Wakinichagua au wasiponichagua, daftari na sanduku sasa vinasema kitu kimoja.