KIJANA, UNAOGOPA NINI?

Rafiki mpendwa uliyepokea karatasi hii,

Labda ulikuwa unapita tu. Labda umekuja uwanjani kusikiliza muziki, umesimama kule nyuma karibu na wauza karanga ili wenzako wasiseme umeokoka. Sawa. Usiitupe kwanza. Nina swali moja tu: usiku ukiwa peke yako, simu imeisha chaji na mwenzako amelala, ni kitu gani kinakuja kukukalia kifuani?

Kila mtu anacho. Mwingine anaogopa kurogwa. Mwingine anaona miaka inakwenda na kazi hakuna. Yupo dada ambaye siku zake zimepitiliza na hajamwambia mtu. Yupo anayeogopa kufa, na yupo anayeogopa kuchekwa kuliko kufa. Mchana kijiweni tunacheka, tunajifanya majabali. Usiku kila mtu ana lake.

Wanasema dawa yake ni kujikaza, eti mwanamume haogopi. Nilijikaza, nikashindwa. Wengine wanakimbilia kinga. Mimi nilipomaliza darasa la saba nilifungwa hirizi kiunoni, nikaambiwa hakuna atakayenigusa. Je, hofu iliondoka? Ndugu yangu, iliongezeka! Kwanza niliogopa wachawi. Baada ya hirizi niliwaogopa wachawi vilevile, tena nikaogopa kamba isikatike, nikaogopa kuogelea na wenzangu wasije wakaiona. Nilikuwa na bwana mmoja, nikapata wa pili. Na pombe ni hivyohivyo. Inakulaza leo, asubuhi unaikuta hofu imekusubiri mlangoni, na deni la jana juu yake.

SASA MTAZAME MTU HUYU

Petro alikuwa mvuvi wa Galilaya, hakuwa na elimu kubwa, mtu wa maneno mengi. Aliapa kwamba hata wenzake wote wakimkimbia Yesu, yeye hatakimbia. Usiku uleule, watu wakiota moto uani kwa kuhani mkuu, kijakazi mmoja akamtambua kuwa ni mtu wa Yesu. Si askari mwenye upanga. Kijakazi! Petro akaruka futi mia. Akakana mara tatu, jogoo akawika, akatoka nje akalia (soma Luka 22).

Haya, fungua Matendo ya Mitume 12. Mtu huyohuyo yuko gerezani, amefungwa minyororo miwili, amelazwa katikati ya askari wawili. Wamewekwa vikosi vinne vya askari wannewanne, yaani watu 16, kumlinda mvuvi mmoja. Herode ameshamuua Yakobo kwa upanga, na kukicha ni zamu ya Petro. Unafikiri anafanya nini?

AMELALA. Tena amelala fofofo, mpaka malaika akampiga ubavuni ndipo akaamka. Nikisoma pale huwa nacheka kwanza, halafu natetemeka.

Nini kilitokea hapo katikati? Hakwenda kusomea ujasiri. Wala hakuahidiwa kwamba hatauawa, maana Yesu alikwisha mwambia kuwa mwisho wake utakuwa kuchukuliwa asikotaka kwenda. Kilichotokea kiko Yohana 21. Yesu aliyefufuka aliwangojea wanafunzi ufukweni, amewasha moto wa makaa, ameweka samaki. Wakala kwanza. Kisha akamwuliza Petro mara tatu kama anampenda. Alikana mara tatu penye moto, akaulizwa mara tatu penye moto. Jambo lile alilotaka lisahaulike likatolewa nje, likatazamwa, likasamehewa. Halafu siku ya Pentekoste akajazwa Roho Mtakatifu, akasimama kuhubiri katika mji uleule alimomwogopa kijakazi, na watu wapata 3,000 wakaamini.

Hofu inakula siri, rafiki yangu. Mtu ambaye siri yake mbaya kuliko zote imeshajulikana kwa Yesu, na Yesu hakumwacha, utamtishia nini tena?

Na sikufichi: baadaye Petro aliogopa tena, kule Antiokia, akajitenga na wenzake kwa kuogopa watu (Wagalatia 2). Kuokoka si chanjo. Wapo watumishi wanaosema mwenye imani haogopi kabisa. Mimi sikubaliani nao. Bwana Yesu mwenyewe kule Gethsemane alihuzunika mpaka jasho likadondoka kama matone ya damu. Aliomba mara tatu, akainuka AKAENDA. Kusikia hofu si dhambi. Ubaya ni pale inapokutuma nawe ukatii.

Hili nimelijua kwa miguu yangu. Mwaka 2012, nikiwa nimeokoka miezi miwili tu, nilitaka kwenda kupima virusi vya UKIMWI, maana nilikuwa nimeishi ovyo. Mara tatu nilifika kwenye geti la zahanati, mara tatu nikageuka. Nikasema, aa, nitaomba tu, Mungu ataniponya hata nisipojua. Watu walidhani nina imani kubwa. Kumbe ilikuwa hofu imevaa koti la imani! Mara ya nne mzee mmoja wa kanisa alinisindikiza. Hakunihubiria. Alikaa tu kwenye benchi nje. Magoti yalitetemeka mpaka ndani ya chumba, lakini niliingia.

Majibu siyaandiki hapa. Nikisema nilikuwa mzima utasema ndiyo maana ana raha. Nikisema vingine utanionea huruma, uache kusikiliza. Ujue tu kwamba nilitoka mle nikalala usingizi usiku ule. Na ujue kwamba siku hizi dawa za kufubaza virusi zipo, mtu anazinywa anaishi, analea watoto wake. Anayezinywa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Akitokea mtu akakuambia imani ni kutupa vidonge, usimsikilize, hata kama ana kipaza sauti.

Kama unataka Yesu akutoe katika utumwa huo, sema naye sasa hivi, hata kimoyomoyo:

Bwana Yesu, unajua ninachokiogopa na unajua nilichokificha. Nimekosa. Nakuletea vyote. Nisamehe kwa damu yako, ingia moyoni mwangu, unijaze Roho wako. Nashika mkono wako, na magoti yangu bado yanatetemeka. Amina.

Kama uko uwanjani jioni hii, ukisikia watu wanaitwa, njoo mbele. Ukiogopa wenzako watakucheka, njoo na hofu yako hiyohiyo. Na kama jambo lako ni la kwenda zahanati, au polisi, au ni la kumwambia mama, tuambie sisi tunaosimama kushoto kwa jukwaa. Tutakusindikiza, na tutakaa kwenye benchi.