Je, Yafaa Kuiongezea Bastola Nguvu?

Swali hili limetufikia kutoka kwa fundi mmoja wa vyuma wa hapa Kadutu. Wapendwa wasomaji, msishangae kwamba tunalijibu katika kurasa hizi. Mwezi wa Februari 2025, mji wetu wa Bukavu ulipobadili mikono, silaha nyingi ziliachwa ovyo, na watu wakaziokota, hata watoto. Basi mtu amletea fundi rivolva, yaani bastola ile yenye silinda inayozunguka, amwambia: "Risasi zake ni hafifu mno. Nigeuzie, ipokee zilizo kali zaidi." Fundi anaweza kazi hiyo. Lakini dhamiri yake yamsumbua, naye ajitetea kwamba yeye hamwui mtu, atengeneza chuma tu.

Kwanza tuseme lililo halali, maana wako wanaodhani Amri ya Tano yamkataza mtu kujilinda. Sivyo. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika Summa yake (sehemu ya pili ya pili, swali la 64), afundisha kwamba tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili: moja limekusudiwa, la pili haliko katika kusudi. Amzuiaye mwuaji akusudia kuokoa uhai wake; mwuaji akifa, kifo hicho ki nje ya kusudi. Tena Toma asema mtu hana budi kuutunza uhai wake kuliko uhai wa mwingine. Twamkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa mjini humu tarehe 29 Oktoba 1996 pasipo silaha mkononi. Huo ulikuwa ushuhuda wa mchungaji, nasi twauheshimu. Lakini hatumwambii baba wa watoto sita kwamba ni lazima awaache wanyang'anyi waingie na kuua watoto wake.

Ila Toma aweka sharti papo hapo, na watu wengi hawafiki mpaka kwenye mstari huo. Atumiaye nguvu kupita ihitajiwavyo, kujilinda kwake si halali tena. Hata Torati ya Musa ilijua jambo hili. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, chasema mwivi akipigwa na kufa huku anavunja nyumba usiku, hakuna hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, hatia ipo. Kwa nini? Kwa kuwa mchana mtu aona, aweza kuita majirani, aweza kupima. Mwivi ni yuleyule. Kilichobadilika ni haja.

Mwenye bastola atatujibu: "Risasi hafifu haimsimamishi adui. Nitapiga mara tano badala ya mara moja. Je, hiyo ndiyo huruma?" Hasemi upuuzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari wa Marekani waliopigana na Wamoro katika visiwa vya Ufilipino walilalamika kwamba risasi za .38 za bastola zao hazikuwazuia watu waliowajia na mapanga, na hiyo ni sababu mojawapo iliyolirudisha jeshi lao kwenye risasi nene ya .45. Nasi twakubali: ukali wa risasi peke yake si dhambi. Kiasi hakipimwi kwa uzito wa baruti. Chapimwa kwa kuangalia mahali, kusudi, na watu wote watakaofikiwa na tendo.

Sasa tuangalie mahali. Nyumba nyingi za Kadutu ni za mbao na mabati, zimebanana mlimani hata jirani akikohoa usiku twamwambia pole bila kuinuka kitandani. Hata risasi hafifu hupenya ubao. Ile iliyoongezwa nguvu yaweza kupenya ubao wa kwanza, na wa pili, ikamkuta mtoto wa mtu asiyehusika. Mwenye silaha amemfikiria mwivi tu. Hakumfikiria yule aliyelala nyuma ya mwivi.

Tena kuna mkono wake mwenyewe, na hapa fundi asikie, kwa kuwa ni habari ya ufundi. Kila silaha imewekewa mpaka na aliyeiunda. Huko Liège, Ubelgiji, mji wa mafundi wa bunduki, Askofu aliyekuwa pia mtawala wa nchi aliagiza mwaka 1672 kwamba mitutu ijaribiwe kabla ya kuuzwa. Na risasi iitwayo .357 Magnum ilipotolewa Marekani mwaka 1935, ganda lake lilirefushwa makusudi, kiasi cha milimita 3, isije ikaingia katika rivolva dhaifu za .38. Ni mlango uliofungwa kwa upendo, ingawa labda na hofu ya mahakama pia. Kinyume chake, rivolva nyingi za Webley za jeshi la Uingereza ziligeuzwa huko Marekani zipokee risasi ya .45 ya jeshi la nchi hiyo, ambayo msukumo wake wapita ule zilizojaribiwa nao. Silinda zingine zimepasuka mikononi mwa wenyewe.

Basi fundi hawezi kusema ametengeneza chuma tu. Auzaye panga sokoni aweza kudhani kwa haki kwamba laenda shambani. Mnunuzi akiua nalo, dhambi ni ya mnunuzi. Lakini bastola iliyoongezwa ukali hailimi wala haipasui kuni. Fundi ajua kwa nini inaongezwa, mara nyingi amjua na mwenyewe, naye kwa mikono yake ameuondoa mpaka uliowekwa. Huo ni ushirika katika kosa. Sheria za nchi nazo zaona hivyo: Mapatano ya Kinshasa ya mwaka 2010 juu ya silaha ndogo katika Afrika ya Kati hayakuishia kwenye silaha na risasi, katika jina lake lenyewe yametaja vipuri vinavyoweza kutumika kuziunda, kuzitengeneza na kuziunganisha.

Fundi atauliza: kama nimekwisha kupokea sehemu ya malipo? Airudishe, wala asiiguse kazi. Kama amekwisha kuigeuza, na silaha bado iko kwake, asiitoe hivyo. Ikiwa imekwisha kwenda, amwonye mwenyewe waziwazi juu ya hatari yake, maana akinyamaza na mtu akaumia, ana deni kwa aliyeumia. Na kama mwenye bastola aliiweka mezani huku mtutu umemwelekea fundi, jambo ambalo siku hizi si hadithi, hofu ya namna hiyo hupunguza sana kosa. Huyo asijihukumu peke yake usiku, amwendee padri.